Hori la Watu Wawili

Tangu nirudi nimeulizwa swali moja mlangoni pa kanisa, dukani, na hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga: "Zakayo, hivi baharini ulikwenda kufanya nini?" Kila mmoja nimemjibu nusu, na nusu hizo zimekutana njiani zikazaa mambo ambayo mimi mwenyewe siyajui. Juzi nimesikia kwamba nilimezwa na papa nikatapikwa. Basi naandika yote mara moja, na atakayeuliza tena nitampa karatasi asome. Habari za vibali na kutafuta usafiri nitaziruka, maana hazimfurahishi mtu.

Chombo mnakijua. Ni kayaki ya plastiki, rangi ya chungwa, yenye viti viwili, cha mbele na cha nyuma, na makasia mawili. Kaka yangu Eliamani alipewa na mgeni mmoja aliyekuwa na kambi kando ya Ziwa Jipe, ambaye kaka alimtengenezea milango na vitanda. Watu wengine wangeiacha palepale penye maji. Sisi, ndugu wawili wenye akili timamu, tulichukua chombo cha majini tukakipandisha mlimani, hadi huku kwetu juu ya Hedaru, tukakilaza juu ya paa la banda la mbuzi. Jirani yetu Mama Nakunda, mwenyekiti wa kamati ya ndiva, alikitazama kwa muda akasema, "Hori zuri. Ng'ombe wako wapi?" Jina likabaki hilo.

Mpango wa bahari ulikuwa wa Eliamani. Tulipokwenda Tanga kwenye harusi ya binamu yetu tulimwona mtu ameketi peke yake majini ndani ya chombo cha namna hii, akivuta samaki. Eliamani akaniambia, "Sisi tutakwenda wawili." Miaka mitatu tukasema tutakwenda mwaka huu. Mwaka jana akaugua homa, wiki moja tu, tukamzika.

Kama karatasi hii itamfikia asiye wa kwetu, aelewe mambo mawili. Ndiva ni bwawa letu la udongo. Kijito kinalijaza usiku kucha, na asubuhi mwenye zamu anazibua maji yaende shambani kwake. Msaragambo ni kazi ya wote, kama kuzibua mifereji au kusafisha hiyo ndiva, na watu huitwa kwa baragumu. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na huku kwetu ikilia unakwenda na jembe.

Mpigaji alikuwa Eliamani. Alipuliza milio miwili mirefu, ya watu wote. Kisha akapuliza wa tatu, mfupi. Huo haukuwa desturi ya mababu, ulikuwa wangu. Mimi ndiye niliyekuwa mchelewaji wa kijiji kizima, na ninakaa karibu kuliko wote, kwa hiyo kaka aliamua kunipigia wa kwangu peke yangu, na watu walikuwa wakicheka wakiusikia. Niliona aibu sana enzi hizo. Sasa ningetoa mbuzi mzima niaibishwe tena vile.

Baada ya matanga kamati ikanikabidhi baragumu, likanishinda. Nilipuliza hadi masikio yakaziba, ikatoka pumzi tu. Msaragambo uliofuata waliitana kwa simu, wakaja nusu. Mama Nakunda akanikalisha chini.

"Zakayo mwanangu, kamati imekaa. Ndiva tunasafisha Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa tisa, kabla ya vuli. Ukilipiga siku hiyo, ni lako. Likikushinda, tutalitundika ofisini kwa mtendaji, tubaki na lile kundi letu la simu."

"Nimesikia, mama."

"Sikulaumu. Sitaki tu tudanganyane."

Nikaona kwamba kama urithi mmoja wa kaka utanishinda, basi ule mwingine niutimize. Nikalishusha hori kutoka bandani.

Ndivani

Mgeni wa Jipe alikuwa ameacha na kijitabu cha maelekezo. Kilisema mtu avae jaketi la kuelea, afunge kasia kwa kamba kwenye chombo, na awe na filimbi ya kuombea msaada. Jaketi tulikuwa nalo. Kuhusu filimbi, Eliamani alikwisha kusema zamani, "Filimbi ya nini, na sisi tuna baragumu?" Nikalivaa shingoni. Kamba sikuona maana yake. Katika ndiva kitu kikikudondoka kinakusubiri.

Nilikwenda asubuhi na mapema, ndiva imejaa pomoni. Nikakaa kiti cha nyuma, nikapiga kasia upande huu na ule, nikazunguka mara nyingi kuliko nilivyokusudia. Nilipochoka nikaegemea nyuma nikafumba macho. Jua lilikuwa zuri. Nikawa nazungumza na mgongo wa mtu ambaye hakuwepo, namwambia aache kutikisa. Nilipofumbua macho kingo za ndiva zilikuwa zimepanda juu yangu, na chini ya hori kulikuwa na tope.

Mama Nakunda alikuwa amesimama kwenye mlango wa maji na jembe begani.

"Wewe, unafanya nini ndani ya zamu yangu?"

"Shikamoo, mama. Nafanya mazoezi."

"Marahaba. Ya kukaa kwenye tope?"

Alikuwa ameyazibua maji bila kunitazama, nami nililala bila kumtazama. Nilitoka nikiwa nimezama hadi mapajani, nalivuta hori kama ndama aliyegoma, yeye anacheka hadi anashika magoti. Kilikuwa kicheko cha kwanza nilichosikia karibu nami kwa miezi mingi, na nilipofika nyumbani nikakosa wa kumsimulia.

Siku ya kuondoka nilifunga kila kitu: mishipi, ndoana, chubwi, na gunia dogo la mahindi na maharage ya makande. Makasia yalikuwa mawili yameegemea ukuta wa banda. La kwangu nikalibeba. La Eliamani nililishika, nikaona mpini ulivyokuwa laini pale alipokuwa akishika alipokuja kujaribu ndivani, nikalirudisha ukutani. Nikajiambia ni uzito wa bure. Kweli ni kwamba sikuweza kulitazama njia nzima.

Jipe

Fuso ya tangawizi ilinishusha barabarani, na pikapu moja ikanipeleka kwa kupitia Same na Mwanga hadi Jipe. Milima ya Ugweno ilibaki nyuma yangu, na mbele kulikuwa na matete, maji, na Kenya ng'ambo. Nilitaka kujaribu maji yasiyo na mlango kabla ya kwenda kwenye yale makubwa.

Mvuvi mmoja, Ramadhani, alikubali niufuate mtumbwi wake. Alinionya kuhusu viboko, akanionyesha upande wa kutokwenda, kisha akalitazama hori langu likielea.

"Limeinua pua," akasema. "Kiti cha mbele ni cha nani?"

"Cha kaka."

"Yuko wapi?"

"Hakuja."

Ramadhani akaangalia uso wangu. "Basi weka mzigo. Chombo hakijali nani amekaa. Kinataka uzito."

Tukaliweka gunia la makande kiti cha mbele, tukalifunga kwa kamba. Hori likashuka pua, likaenda sawa. Nilivua perege wadogo watatu siku hiyo, na mbele yangu muda wote kulikuwa na gunia limekaa wima linatazama mbele. Unaweza kulizoea gunia. Mara mbili nilijikuta naliuliza kama linaona kitu.

Nilikaa siku mbili. Jioni mke wa Ramadhani alinikaribisha ugali na perege wa kuchemsha wenye ndimu na pilipili, akawa ananisemesha kwa upole kama mgonjwa. Nikalijaribu baragumu ufukweni. Ramadhani alisikiliza ile pumzi yangu, akasema hata kiboko hawezi kushtuka kwa hilo.

Hedaru

Kurudi kusini nilishuka Hedaru, mahali nilipoahidiwa lori la kwenda Tanga. Lori lingefika saa tatu asubuhi. Lilifika saa tisa alasiri.

Nililiweka hori kando ya barabara, mbele ya vibanda, na kila aliyepita alikuwa na maoni. Mmoja aliuliza kama ni bafu. Mmoja, mtu mzima wa heshima, alivua kofia yake na kunipa pole, na nikachelewa kuelewa kwamba amedhani nasafirisha maiti. Nikampokea tu pole yake. Haikuwa na kosa kubwa.

Mama ntilie akaniuliza, "Wangapi?" Nikamjibu, "Wawili." Likanitoka kwa mazoea, maana Hedaru hatukuwahi kula mmoja mmoja. Akaleta sahani mbili za wali maharage, akaiweka ya pili mbele ya kiti kitupu, akaifunika isipoe. Ningeweza kumwambia nimekosea. Nilikula ya kwanza, nikavuta ya pili, nikaila nayo hadi mwisho, na tumbo likaniuma hadi jioni.

Kijiji chetu hakionekani kutoka pale, lakini mlima wake unaonekana. Kijana wa bodaboda anayenifahamu akasimama. "Mjomba Zakayo, napanda juu sasa hivi na kurudi. Kuna kitu umesahau nikuletee?"

Nikaliona lile kasia ukutani. "Hapana," nikamwambia, "nina kila kitu."

Barabara ya Tanga

Lori lilikuwa la vitunguu. Dereva alikubali hori bila neno, ila alipoliona baragumu shingoni mwangu akasita.

"Mzee, wewe ni mganga?"

"Hapana. Hili ni la kuitia watu kazini."

"Watu wanaitwa kazini kwa pembe?"

"Kwetu, ndiyo."

"Basi pembe na mwenyewe wakae juu." Akafunga mlango wa kabini.

Kwa hiyo nilisafiri juu ya vitunguu. Hori lilikuwa limefungwa pale juu kwa kamba, na mahali pa kukaa palikuwa pamoja tu, ndani yake. Nilikaa kiti changu cha nyuma, gunia la makande mbele, nikateremka barabara kuu hivyo, mlima wa Upare mkono wangu wa kushoto na macho yamejaa harufu ya kitunguu. Watoto wa shule walinipungia mikono. Nami nikapunga. Korogwe watu wa stendi walishangilia, mmoja akanipigia saluti. Eliamani angesimama akawahutubia. Mimi nilivuta kofia usoni nikanyamaza, na kila nilipoona kitu cha kuchekesha niliinama mbele kumwambia, nikakutana na gunia.

Funguni

Nilifikia kijiji kimoja cha pwani kusini mwa Tanga, kwa Bi Mwanahamisi, mama mjane mwenye chumba cha kupangisha na kazi ya kukaanga samaki. Aliniuliza, "Mko wangapi?" Nikafikiri kwanza, kisha nikajibu, "Niko peke yangu."

Nilipomweleza nilichokuja kufanya, akaniambia, "Kesho maji yatajaa saa kumi na mbili alfajiri. Yakianza kutoka, na wewe toka majini."

"Ndiyo, bibie."

Nilijua bahari hupwa. Hakuna Mpare asiyejua jambo hilo kwa kusoma. Ila mimi kichwani nilikuwa na ndiva. Nilidhani hupwa kwa hatua kumi au kumi na tano.

Nilitoka kwa maji ya kujaa, jua linachomoza. Nikavuka mkondo mmoja wenye kina, nikafika mahali ambapo maji yalikuwa ya kijani na chini yake mchanga. Sitawaficha, nilikuwa na furaha. Nikatia chambo, nikashusha mshipi, nikangoja. Saa nzima hakuna. Nyingine ikapita. Kisha mshipi ukavutwa kwa nguvu ambayo perege wa Jipe hajawahi kuisikia, nikaweka kasia mapajani, nikauvuta kwa mikono miwili, nikipiga kelele peke yangu. Akatoka samaki, changu mwekundu, urefu wa kiganja na nusu ya kiganja kingine. Nikamshika, akarukaruka, nikamkumbatia. Nilipomaliza kumtia kwenye ndoo nikageuka kuchukua kasia.

Kasia lilikuwa mbali, linaondoka taratibu kuelekea kwenye maji makubwa, na wala halikuwa na haraka.

Nilipiga maji kwa viganja. Nikachoka. Hori likagusa mchanga, likakaa. Maji yakaendelea kuondoka pande zote, na nilipo pakawa kisiwa cha mchanga, ambacho wenyewe huita fungu, na mbele yangu ule mkondo wenye kina, na ng'ambo yake tope refu hadi kijijini. Mtacheka, lakini nilisimama nikaangaza huku na huku kutafuta mlango wa maji. Nilitaka kujua ni zamu ya nani.

Siwezi kuogelea. Jaketi lingeniweka juu ya maji, lakini kunipeleka wapi halikusema. Na maji yale yangerudi. Jua lilipofika utosini nilikuwa nimekaa ndani ya hori, nikiwa na samaki mmoja, gunia moja, na baragumu, na nikawa nawaza lile kasia la pili lililoegemea ukuta wa banda la mbuzi. Niliogopa, na niliona haya kwa kuogopa, ila zaidi ya yote nilikuwa mpweke. Hakukuwa na mtu wa kumlaumu wala wa kunilaumu.

Nikashika baragumu. Pumzi. Tena, pumzi. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo Eliamani aliniambia mara nyingi nami nikilidharau, maana alikuwa mtu wa kufundisha hata asipoulizwa: "Usipulize. Tema. Tema kama punje ya ulezi imekushika ulimini." Nikatema. Likalia.

Lililia mlio mrefu, mnene, ule ule. Nilishtuka nikataka kugeuka nione nani amepiga. Nikapiga wa pili. Nikangoja. Ufukwe ulikuwa mtupu. Mdomo wenyewe ukaenda ukapiga na wa tatu, mfupi.

Nikasikiliza. Sijui nilikuwa nasikiliza nini. Palikuwa na upepo tu, na changu akigonga ndoo. Nikalia pale, mtu mzima, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na hakuna aliyeniambia nyamaza.

Nilipojifuta macho niliona watu. Walikuwa wanawake, wanashuka kutoka kijijini wakipita kwenye tope, wengi, wanakuja kwa haraka. Moyo ukanijaa. Nikasema moyoni, kumbe hata huku mbiu ikilia watu wanatoka. Walipofika ukingo wa mkondo nikaona kwamba kila mmoja amebeba beseni.

Bi Mwanahamisi alikuwa mbele. Akaweka kiganja mdomoni akaita, "Samaki gani?"

"Changu!"

"Wangapi?"

Nikatazama ndani ya ndoo kana kwamba wangeweza kuongezeka. "Mmoja!"

Wakaangua kicheko wote kwa pamoja. Baadaye nilielezwa kwamba pale mwenye ngalawa akifika na mzigo hupuliza pembe, na wachuuzi hukimbilia kuwahi. Hakuna anayepuliza kuomba msaada. Wa kuomba msaada anapunga nguo.

"Kasia lako liko wapi?" akaita tena.

Nikaonyesha bahari.

Ngalawa ya mpwa wake ikaja ikanivuta. Wanawake wale hawakuondoka. Walinisubiri ukingoni na mabeseni yao matupu, na nilipofika mmoja mmoja wakamshika changu wangu, wakampima kwa vidole, wakamsifu kwa uongo mtamu sana. Bi Mwanahamisi akamkaanga. Nami nikapika makande ya gunia lile. Alipoonja akaweka kijiko chini. "Hamna nazi?" akauliza. Nikasema kwetu hatutii. Akakuna nazi yake bila kuniomba ruhusa, akatia, akakoroga, tukala, na nikikaa na nyinyi kwa siri nitakiri kwamba yalikuwa matamu.

Tukiwa tunakula nikamsimulia habari za Eliamani, tangu bandani hadi funguni. Aliniongeza samaki.

Kurudi

Hori nimeliacha kwake, limefunikwa kwa makuti. Kwa hiyo msiniulize liko wapi. Nikirudi nitakwenda na kasia lile lingine, na kamba.

Nilifika nyumbani Jumanne. Alhamisi alfajiri nilisimama pale penye jiwe, juu ya ndiva, mahali alipokuwa akisimama Eliamani. Mama Nakunda alikuwa amefika na jembe lake, simu mkononi, tayari kuandika kwenye kundi kama nitashindwa. Nikatema mlio wa kwanza. Nikatema wa pili. Milango ikaanza kufunguka upande huu wa bonde na ule, moshi na sauti za watu, nanyi wenyewe mkawa mnateremka na majembe begani. Akaitia simu mfukoni.

Nikapiga na wa tatu, mfupi.

Hakuna aliyecheka. Mama Nakunda akanisogelea. "Zakayo, huo wa nani? Mchelewaji ni wewe, na wewe uko hapa."

"Leo anayechelewa ni yeye, mama."

Akatazama njia inayotoka kwa Eliamani. Kisha akavua viatu, akaingia ndani ya tope la ndiva.

"Basi tuanze," akasema. "Atatukuta."